Kipimo cha Mgongo

Shuleni tulikariri kwa sauti moja:
kilimo ni uti wa mgongo wa taifa.
Tukapata alama zetu, tukaenda zetu.
Uti wenyewe nimeujua juzi,
nina miaka arobaini na saba,
siku nilipoinama kuokota sindano
nikashindwa kurudi juu.

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
baraza la duka la vitenge, cherehani tatu,
yangu ya katikati.
Miaka ishirini na miwili nawapima watu migongo:
bega kwa bega, shingo hadi kiuno,
futikamba imening'inia shingoni mwangu.
Namjua ambaye bega lake la kushoto limeshuka,
namjua mwenye kibiongo anayetaka kikafichwe na marinda.
Wangu haukuwahi kupimwa.
Kinyozi hajinyoi.

Basi kila mtu akawa mganga.
Havijawa wa cherehani ya kulia: "Hilo chango, shoga."
Muuza kahawa: lala sakafuni.
Shemeji akaleta mafuta ya mbuni,
yananuka mkeka uliolowa.
Nikachuliwa, nikafungwa mkanda,
nikameza vidonge vya rangi ya waridi
vilivyouacha mgongo vikalichoma tumbo.
Usiku maumivu yakashuka mguuni,
uzi wa moto
kutoka takoni mpaka kidole gumba.

Upanga, ghorofa ya pili, tabibu wa mgongo.
Kairopraktiki, imeandikwa mlangoni,
neno refu kuliko ngazi zenyewe.
Bei: gauni mbili na suruali ya kupunguza.
Jina lake Mringi. Hakunishika kwanza. Aliuliza.
Umeanguka? Unakonda bila sababu?
Mkojo unakutii?
Ganzi je, pale unapokalia?
"Ungesema ndiyo," akasema,
"ningekukimbiza hospitali,
nisingekugusa hata kwa kidole."

Kisha akashuka na vidole viwili,
pingili kwa pingili, polepole,
kama mtu ahesabuye vifungo vya gauni la bibi harusi
umeme umekatika.
Nikaanza kulia.
Akadhani ameniumiza.
Ningemwambiaje? Ilikuwa mara ya kwanza
mtu kunipima mgongo mimi.

Vuta pumzi. Itoe.
Ko!
Nikangoja aseme mfupa umerudi mahali pake
nipate la kuwasimulia Kariakoo.
Akacheka. "Mfupa haukwenda popote.
Hiyo ni hewa ndani ya kiungo,
soda nayo hulia ukiifungua.
Mlio si dawa.
Wengine hupata nafuu, wengine hawapati,
na sitaki uje hapa mpaka uzeeke."
Akataka kujua nakalia nini.
Nikamwambia: ndoo ya rangi, nimeigeuza,
juu nimetandika vipande vya khanga.
Akanyamaza kitambo
kuliko alivyonyamaza kwa ule mguu.

Sasa nina kiti chenye egemeo,
na meza imepanda juu ya matofali mawili.
Kila nusu saa nainuka,
naenda mpaka kwa muuza kahawa na kurudi;
Havijawa anauliza kama nakimbia deni.
Haujapona, niseme kweli.
Siku za mvua unabisha hodi,
nami naitika, karibu, lakini usikae.
Sindano zangu naziokota mwenyewe,
kwa magoti, si kwa kiuno.

Jana kaja binti, anataka gauni la mgongo wazi
kwa harusi ya dada yake, Jumamosi ijayo.
Nikampima.
Futikamba ikapita juu ya vile vifundo vidogo,
kimoja, kimoja,
mkono wangu ukakawia.
"Mama, kuna tatizo?"
Nikasema, simama wima kidogo.
Halafu nikasema, hapana,
simama unavyosimama siku zote.
Nikaandika: kumi na tano na nusu.